Ukame wa 1977 haukunenepesha mdomo wa chiriku hata mmoja

Dhana: Ukame ulipobana, ndege walikuza midomo ili wapate kula.

Dhana hii ni sugu kuliko zote, na mara nyingi tunaoipanda ni sisi walimu, tunaposema ndege "walijizoesha". Wanabiolojia Peter na Rosemary Grant walianza kuwapima chiriku wa Daphne Major, kisiwa kidogo cha Galápagos katika Bahari ya Pasifiki, mwaka 1973, wakiwavisha pete ili kila mmoja ajulikane. Mwaka 1977 mvua ilikosekana. Mbegu ndogo laini ziliisha, zikabaki ngumu kama za mbigili, ambazo mdomo mwembamba hauzivunji. Chiriku wengi walikufa, hasa wenye midomo midogo. Wastani wa unene wa mdomo ukapanda bila mdomo wowote kukua.

Mwanafunzi akibisha, mwandikie milimita hizi za mfano: 8, 9, 9, 10, 11. Wastani ni 9.4. Afute ile 8 na zile 9 mbili. Wastani sasa ni 10.5, na ile 10 ingali 10. Hapo ndipo darasa hunyamaza. Kisha uliza: vifaranga wa waliobaki watakuwaje? Unene wa mdomo hurithiwa kwa kiasi kikubwa, na kweli waliozaliwa 1978 walikuwa na midomo minene kuliko kizazi cha kabla ya ukame. Usipouliza swali hilo, umefundisha vifo tu, mageuko (mabadiliko ya kurithiwa kizazi hadi kizazi) hujayafikia.

Dhana: Basi mdomo mnene ndio bora.

Mvua kubwa za El Niño za 1983 zilijaza kisiwa mbegu ndogo, na muda mfupi baadaye wenye midomo midogo wakawa ndio wanaosalimika zaidi. Tafadhali, usifundishe 1977 peke yake.

Dhana: Spishi huanza kutengana baada ya mamilioni ya miaka, na hakuna awezaye kuliona hilo likitokea.

Mara nyingi huchukua muda mrefu sana, ila si lazima. Mwaka 1981 dume mgeni, mkubwa kuliko wenyeji, alitua Daphne Major na kupandana na jike wa hapo. DNA ilikuja kuonyesha kwamba alitoka Española, kisiwa kingine cha Galápagos kilicho zaidi ya kilomita 100 kutoka hapo. Wanawe walijifunza wimbo wake, si wa majirani, na baada ya vizazi vichache ukoo huo ukawa unazaana wenyewe kwa wenyewe. Hakuna mlima wala bahari iliyowatenga na wenyeji: walichaguana kwa wimbo na umbo la mdomo.