Ghorofa ya juu haipati joto? Fuata umeme kabla ya kununua mota ya dampa

Baridi ikianza kubana hapa Ohio, simu ninazopigiwa na wenzetu hufanana: "Fundi, chini tunatoka jasho, juu watoto wanalala na makoti." Nyumba ina ghorofa mbili, fanesi (tanuri linalopasha nyumba joto) ni moja na ipo besimenti, yaani chumba cha chini ya ardhi, lakini thamostati, vile vifaa vya ukutani vya kupangia joto, ni mbili. Mara nyingi mpiga simu keshaambiwa kwamba mota ya dampa imekufa, abadilishe. Mimi humwomba asubiri. Mota hufa, ni kweli, ila nyingi ninazokuta zimeng'olewa zilikuwa nzima kabisa, na familia imelipa pesa huku chumba cha mtoto kikibaki na baridi ile ile.

Dampa ni bapa la bati lililo ndani ya bomba la hewa, na mota ndogo iliyofungwa nje ya bomba ndiyo inayolizungusha. Thamostati ya juu ikiomba joto, paneli ya zoni (kisanduku kinachoongoza dampa; zoni ni sehemu ya nyumba yenye thamostati yake) inaamuru fanesi iwake, inaacha wazi dampa ya juu na kufunga ya chini. Umeme wa kazi hiyo ni volti 24 za AC (mkondo geu) kutoka kwenye transfoma ndogo, si volti 120 za ukutani.

Kabla hujapima chochote, soma lebo ya mota. Zipo zinazohitaji umeme kufungua na umeme kufunga. Hizo kwa kawaida zina waya tatu. Zipo zenye springi na waya mbili, ambazo nyingi zake umeme hufunga bapa na umeme ukikatika springi hulifungua. Za kinyume chake zipo pia. Hapa ndipo wengi wanapopotea: mtu anaweka testa (kipima volti) kwenye dampa ya ghorofa inayoomba joto, anakuta hakuna volti, anatangaza kwamba paneli imeharibika. Kumbe dampa hiyo ni ya springi inayofungua, na kukosa umeme wakati huo ndiko kunakotakiwa.

Jaribio la kwanza halihitaji kifaa. Zima thamostati zote isipokuwa moja, uipandishe juu ya joto la chumba, kisha vuta subira dakika chache, maana paneli nyingi huchelewesha amri kwa makusudi na mota zenyewe huzunguka polepole. Pita ukiweka mkono kwenye matundu ya hewa. Ukiomba joto juu na hewa ikatoka kwa nguvu chini, waya za dampa au za thamostati zimepishana kwenye paneli. Hilo huonekana sana nyumba iliyotoka kubadilishiwa thamostati. Hewa kidogo kuvuja kwenye zoni iliyofungwa si ugonjwa. Dampa nyingi hazizibi kabisa.

Kisha shuka besimenti utazame ncha ya shafti inapotokea kwenye bomba. Mara nyingi ina mfereji au mstari unaoonyesha bapa limelalaje: ukienda sambamba na bomba, liko wazi, ukikatiza bomba, limefungwa. Mwambie mtu abadilishe thamostati huku ukiangalia. Mota ikizunguka na shafti ikabaki imesimama, skrubu inayobana mota kwenye shafti imelegea. Rudisha bapa mahali pake, kaza, umemaliza. Huo ni ubovu ninaoukuta mara kwa mara kuliko mota iliyokufa, na hakuna kitu cha kununua.

Mota ikiguna bila kusogea, usiilaumu bado. Zima umeme wa mfumo, legeza mota, uzungushe shafti kwa mkono. Ikikwama, kuna kitu ndani. Kwenye nyumba moja tulikuta skrubu ndefu ya bati: mtu aliyekuwa akining'iniza bomba lingine aliitoboza karibu na dampa, ikawa inazuia bapa katikati ya mzunguko. Mota mpya ilikuwa imeshafungwa juu ya tatizo hilo, nayo ikawa inahangaika vile vile. Tulitoa skrubu, tukaziba tundu kwa utepe wa foili, na dampa ikafanya kazi.

Shafti ikizunguka vizuri kwa mkono, sasa rudisha umeme na ushike testa. Pima kwenye vituo vya dampa ndani ya paneli wakati inapotakiwa kupata umeme, halafu pima kwenye mota yenyewe. Volti 24 ipo paneli na haipo kwenye mota: waya umekatika au kiungio kimelegea. Ipo kote na mota haitikisiki: hapo ndipo ununue mota. Haipo hata paneli: kagua fyuzi, transfoma na waya za thamostati. Aliyeongeza dampa bila kupiga hesabu ya mzigo wa transfoma hupata tatizo linalokuja na kuondoka, kwa sababu volti huporomoka dampa kadhaa zikivuta kwa pamoja.

Nyumba nyingine zina dampa ya pembeni, inayorudisha hewa ya ziada kwenye bomba la kurudi zoni ndogo inapobaki wazi peke yake. Hii isiachwe nyuma. Ikikwama wazi, hewa moto inarudi moja kwa moja kwenye fanesi, swichi ya usalama inakata moto, feni inaendelea kuvuma, kisha moto unawaka tena. Majira ya kiangazi hewa baridi inayorudi hivyo inaweza kugandisha barafu kwenye koili ya kiyoyozi, ile inayopooza hewa. Ikikwama imefungwa, utasikia matundu yakipiga mluzi. Ikiwa ni ya uzito, yaani inayosukumwa na hewa badala ya mota, hakikisha mkono wake unacheza huru. Angalia pia filta, kwani iliyojaa vumbi huleta dalili hizo hizo za fanesi kuwaka na kuzima.

Fanesi ya gesi inayojizima hivyo kila mara, msiiache iendelee. Joto la kupita kiasi linaweza kupasua chuma kinachotenganisha moto na hewa mnayovuta, na nyufa hizo zinaweza kuingiza kaboni monoksidi ndani. Haina harufu. Wekeni king'ora chake karibu na vyumba vya kulala, na upande wa gesi mwachieni fundi mwenye leseni.

Baada ya matengenezo, jaribuni kila zoni peke yake, kisha zote pamoja, fundi akiwa bado yupo nyumbani.