Mapenzi ya Mungu si jina la ajali

Mapenzi ya Mungu, kwa Mkristo, ni lile analolitaka Mungu: alilolikusudia, na zaidi sana alilotuagiza tulifanye. Maana ni hiyo tu, na sidhani kuna mtu wa kuibishia. Shida iko kwenye matumizi. Huku kwetu Kigoma msemo huu umehamia msibani, ukahamia wodini, ukahamia mpaka kwenye vikao vya kusuluhisha ndoa, na kila unapotamkwa unafanya kazi moja, kufunga mjadala. Boti imezama: mapenzi ya Mungu. Mama kafia njiani akipelekwa kujifungua: mapenzi ya Mungu. Bodaboda asiye na taa kamgonga mtoto saa moja jioni: mapenzi ya Mungu, siku yake ilikuwa imefika. Anayethubutu kuuliza "lakini ilikuwaje?" hutazamwa kama mtu aliyepungukiwa imani.

Wanaosema hivyo wengi ni watu wema. Wamekaa na mfiwa, wameshindwa la kusema, wakalishika neno lililo karibu. Siwalaumu kwa nia. Lakini neno hili linasema jambo juu ya Mungu, na jambo lenyewe ni zito: kwamba alitaka yule mtoto agongwe. Yesu katika Mathayo sura ya 18 anasema kinyume chake waziwazi, kwamba Baba wa mbinguni hapendi hata mmoja wa wadogo hawa apotee. Hatuwezi kuimba hilo Jumapili na Jumatatu tukamwambia mama aliyefiwa kwamba Baba huyohuyo ndiye aliyependa.

Nimejaribu kuangalia katika Maandiko ni nani hasa anayetamka maneno haya, na ni wakati gani. Hapo ndipo tofauti inapojitokeza.

Yesu Gethsemane aliomba "si mapenzi yangu, bali yako yatendeke" kabla hajakamatwa. Aliyasema usiku ule akiwa bado na nafasi ya kuondoka bustanini, na alikuwa akijitoa yeye mwenyewe, si mtu mwingine. Katika Matendo sura ya 21, ndugu wa Kaisaria wanamsihi Paulo asipande kwenda Yerusalemu, wanalia, Paulo hakubali, ndipo wananyamaza na kusema, "Mapenzi ya Bwana na yatendeke." Hatua hiyo ya safari haijaanza. Yakobo katika sura ya 4 anawaonya wafanyabiashara wanaopanga kwenda mji fulani, wakae mwaka mzima na kupata faida, kwamba imewapasa kusema "Bwana akipenda, tutakuwa hai na kufanya hivi au hivi." Hao nao hawajaondoka bado. Na Baba Yetu tunayoisali sote ni ombi juu ya jambo ambalo halijatimia. Mkatoliki anasali "utakalo lifanyike duniani kama mbinguni", Mmoravian na Mwanglikana wanasali "mapenzi yako yatimizwe". Kama kila linalotokea duniani lingekuwa tayari ndilo alitakalo, tusingefundishwa kuomba lifanyike.

Kwa hiyo mahali pa kwanza pa maneno haya ni kabla ya tendo, kinywani mwa yule atakayebeba mzigo. Sisi tumeyapeleka baada ya tendo, na mara nyingi kinywani mwa mtu ambaye mzigo haumhusu.

Najua hoja itakayokuja, kwa sababu ni hoja ya haki: je, kuna jambo linaloweza kutokea nje ya uwezo wa Mungu? Kanisa limelifikiria swali hili kwa muda mrefu. Thomas wa Akwino, mwanateolojia Mkatoliki wa karne ya 13, alifundisha kwamba Mungu hataki maovu yatendeke, ila anaruhusu yatendeke. Calvin, mwanamageuzi wa Kiprotestanti wa karne ya 16, alisisitiza sana kwamba hakuna kinachoponyoka mkononi mwa Mungu, na bado aliwakataza watu kujificha nyuma ya makusudi ya siri ya Mungu wakati amri zake ziko wazi mbele yao. Wote wawili wanatua karibu na Kumbukumbu la Torati 29:29: mambo ya siri ni ya Bwana, yaliyofunuliwa ni yetu sisi na watoto wetu, ili tuyafanye. Anayesimama msibani na kutangaza kwamba kifo hiki Mungu alikitaka anadai kuyajua yale ya siri. Na kwa kawaida, akishayatangaza ya siri, yaliyofunuliwa anayaacha palepale.

Watu hunitajia Yusufu. Kweli, aliwaambia ndugu zake kwamba walimkusudia mabaya, bali Mungu aliyakusudia kuwa mema. Lakini soma polepole. Yusufu anayaita mabaya kwa jina lake, mabaya. Hakusema kwamba kuuzwa kwake kulikuwa jambo jema. Na aliyesema ni yeye aliyetupwa shimoni, baada ya miaka mingi, mbele ya waliomtupa. Fikiria maneno hayohayo yangetoka kwa ndugu zake siku ileile, wakiwa bado wanahesabu vile vipande ishirini vya fedha.

Sasa njoo mwaloni Kibirizi, boti ya mbao inapopakia kwenda vijiji vya kaskazini, Mwamgongo au Kagunga. Inaanza mifuko ya saruji, inalazwa chini. Juu yake sembe, kreti za soda, magodoro yaliyofungwa kamba. Halafu watu, wakina mama na watoto mgongoni, wanakaa juu ya mizigo kwa sababu mabenchi yamefunikwa. Angalia ubao wa pembeni: mwanzoni ulikuwa juu ya maji kama urefu wa mkono mzima, sasa ni kama shubiri. Abiria wengine bado wanapunga kutoka ufukweni, nao wanaitwa. Zipo boti zinazopakia kwa kiasi na kumvika kila mtu jaketi okozi kabla ya kuondoka, na manahodha wake nawaheshimu. Nyingine jaketi zimefungwa rundo moja mbele, chini ya turubai, mafundo yamekaza. Ziwa Tanganyika lenyewe kina chake kinafika karibu mita 1,470, na upepo wa kiangazi ukiamka hauna ahadi na mtu. Wanaoabiri wanajua. Ndipo mtu anasema, "Tusali, Mungu atatufikisha." Na ikizama, mtu yuleyule, akipona, atasema ajali haina kinga, ni mapenzi ya Mungu.

Ajali haina kinga. Methali hii tunaitamka kama andiko, ilhali Torati inaagiza kinga kwa maneno mepesi kabisa. Kumbukumbu la Torati 22:8: ukijenga nyumba mpya, zungushia ukuta kwenye dari yake, usije ukaleta damu juu ya nyumba yako mtu akianguka kutoka huko. Nyumba za nchi ile zilikuwa na dari bapa, watu walikaa juu yake, walianika vitu, walilala huko wakati wa joto. Mungu wa Israeli hakusema "yeyote atakayeanguka, siku yake ilikuwa imefika." Alisema jenga ukuta, na usipojenga damu ni yako. Kwenye aya hiyo moja, mapenzi ya Mungu ni ule ukuta. Kuanguka kwa mtu ndiko alikotaka kuzuia. Vivyo hivyo, kwa boti yetu, mapenzi ya Mungu ni zile jaketi kufunguliwa kwenye rundo, ni mifuko ya saruji kupunguzwa, ni nahodha kusema leo hatutoki.

Na kama mtu anataka habari ya chombo na dhoruba, Matendo sura ya 27 imejaa mafundisho ambayo sijasikia yakihubiriwa vya kutosha. Paulo anawaonya wenzake wa chomboni pale Bandari Nzuri, kisiwani Krete, kwamba safari italeta hasara. Akida, yaani mkuu wa askari waliokuwa chomboni, anamsikiliza nahodha na mwenye merikebu kuliko Paulo. Wanatoka, tufani inawakamata, siku nyingi hawaoni jua wala nyota. Paulo anaposimama kati yao, neno lake la kwanza ni kwamba iliwapasa kumsikiliza wasing'oe nanga kule Krete. Mtume huyu, aliyeamini uweza wa Mungu kuliko wengi wetu, hakuwaambia kwamba dhoruba ni mapenzi ya Mungu. Aliwaambia walikosea. Kisha akawapa ahadi aliyopewa na malaika, kwamba hakuna atakayepotea. Baadaye mabaharia wanataka kutoroka na mtumbwi, Paulo anamwambia akida: hawa wasipokaa ndani ya merikebu, hamtaweza kuokoka. Ahadi anayo, na bado anahimiza mabaharia wasiondoke, anahimiza watu wale chakula wapate nguvu. Wote 276 walifika pwani, wengine kwa kuogelea, wengine juu ya mbao.

Kwenye ndoa sitakaa sana, kwa sababu jambo liko wazi. Mke anapigwa, analeta habari kwa wazee, anajibiwa "vumilia mama, huo ndio msalaba wako, ni mapenzi ya Mungu." Mapenzi ya Mungu kwa yule mume yameandikwa Wakolosai 3:19: wapendeni wake zenu, msiwe na uchungu nao. Yeye ndiye aliyeyavunja, kwa hiyo wazee waanze naye, na yule mama apelekwe mahali salama. Msalaba wa Yesu aliuchukua mwenyewe, kwa hiari. Hakuna mzee wa kanisa mwenye mamlaka ya kumtwisha mwingine kipigo na kukiita msalaba.

Upande wa pili wa msemo huu wanaumia zaidi vijana. Wao hawautumii kufungia mjadala, wanautumia kusubiria. Kijana kamaliza chuo, kapata kibarua Tabora, kapata na nafasi ya kujitolea Kasulu, hajui achague ipi, basi anafunga na kuomba ishara. Anataja ngozi ya Gideoni, ile ya kondoo aliyoiweka nje usiku akimwomba Mungu ishara ya umande. Lakini Gideoni alikuwa ameshaambiwa la kufanya, na mwenyewe anakiri, "kama ulivyosema." Ngozi ilikuwa ya kutuliza hofu yake, haikuwa ya kutafuta maelekezo, na Mungu alimvumilia. Mahali Biblia inaposema waziwazi "haya ndiyo mapenzi ya Mungu" panashangaza kwa unyofu wake. Wathesalonike wa kwanza 4:3: "Maana haya ndiyo mapenzi ya Mungu, kutakaswa kwenu, mwepukane na uasherati." Paulo hakutaja mji wa kuhamia wala kazi ya kuomba. Alitaja tabia. Kijana huyo, akiwa Tabora au Kasulu, ametakiwa asiibe muda wa mwajiri, asimchezee binti wa watu, alipe deni la duka. Hayo hayahitaji ishara. Mengine amepewa akili na washauri: aulize mshahara, aulize nauli, amuulize anayeijua kazi. Mvuvi wa dagaa hapa haombi ndoto ili ajue kama atoke usiku wa mbalamwezi. Anajua taa zake hazitavuta samaki ziwa likiwa limeangaziwa lote, anabaki nyumbani kushona nyavu, na hakuna anayemhesabu kuwa amepungukiwa imani. Kijana akishapima, achague, aseme "Bwana akipenda," aende. Ikitokea hakuchagua vizuri, Mungu yuko Kasulu kama alivyo Tabora.

Kwenye uchumba napo kuna wanaotumia msemo huu kama amri. Binti mmoja alimwendea shangazi yake:

"Shikamoo shangazi. Kuna kaka wa kwaya, ameniambia Mungu amemwonyesha kwamba mimi ndiye mke wake."

"Marahaba mwanangu. Na wewe unamtaka?"

"Naogopa kumkataa, nisije nikawa nampinga Mungu."

"Mungu akitaka uolewe atakuacha ukubali mwenyewe. Mwambie huyo kaka alete ombi kama watu wengine, na wewe umjibu kama watu wengine."

Sina la kuongeza kwa shangazi huyo.

Linabaki swali la msibani, kwa sababu huko ndiko msemo unakotumika zaidi, na mtu atauliza: basi nikifika kwa mfiwa niseme nini? Wengi watanijibu kwa Ayubu: "Bwana alitoa, na Bwana ametwaa, jina la Bwana libarikiwe." Ni maneno matakatifu, wala siyapingi. Ila angalia aliyeyasema. Ayubu mwenyewe, aliyefiwa na watoto kumi, kichwa kimenyolewa, joho limeraruliwa. Rafiki zake hawakuyasema. Wao walifika, wakaketi naye chini siku saba, mchana na usiku, hakuna aliyefungua kinywa, na kwa siku hizo saba walifanya vema. Walipoanza kueleza kwa nini Mungu amefanya hivi ndipo walipoharibu, na mwisho wa kitabu Mungu anamwambia Elifazi, mmoja wao, kwamba amemkasirikia yeye na rafiki zake wawili, kwa kuwa hawakunena yaliyo sawa juu ya Mungu.

Kwa hiyo mfiwa akisema mwenyewe kwamba ni mapenzi ya Mungu, usimsahihishe. Hiyo ni sala yake, ameilipia. Wewe uliyekuja mwambie pole. Beba maji, pasua kuni, kaa kwenye mkeka. Na kama kifo kilitokana na boti iliyojazwa au dereva aliyelewa, mkishazika, nendeni pamoja mkaulize ilikuwaje.