Plastiki ndogondogo kwenye majitaka na baharini: mengi tunayoambiana ni nusu ukweli

Mikroplastiki ni kipande chochote cha plastiki kisichozidi milimita 5, na vingi ni vidogo kiasi kwamba macho hayavioni kabisa. Sasa kuna maneno yanazunguka sana kuhusu hii kitu, mengine yana ukweli nusu na hiyo nusu ndo mbaya, maana mtu akishaamini anaacha kuangalia kule plastiki inakotokea.

Dhana kubwa kuliko zote: hizi ni chupa na mifuko iliyovunjikavunjika, tukisafisha fukwe tumemaliza kazi.

Kusafisha fukwe ni jambo jema na anayefanya aendelee, chupa ikipigwa na jua muda mrefu inakakamaa, inapasuka na kumeguka vipande vidogo vidogo, hilo ni kweli. Ila nyingine nyingi zinaingia baharini zikiwa tayari ni ndogo, hazijawahi kuwa chupa wala mfuko. Nguo zetu ndo zinaongoza! Sweta la akriliki, jezi ya poliesta, blanketi lile laini la manyoya, vyote vimefumwa kwa nyuzi za plastiki, vinapukutika nyuzi hizo kila vinapofuliwa na nyuzi zinaenda na maji ya sabuni moja kwa moja kwenye bomba la majitaka. Mwaka 2016 Imogen Napper na Richard Thompson wa Chuo Kikuu cha Plymouth, Uingereza, walichuja maji ya mashine ya kufulia wakakadiria kwamba kilo 6 za nguo za akriliki zinaweza kuachia nyuzi zaidi ya 700,000 kwa kufua mara moja tu. Mara moja!

Halafu tairi. Watu wengi hawajui kama tairi ina mpira wa kutengenezwa kiwandani ambao nao unahesabiwa kuwa plastiki, kila gari likikata kona au kufunga breki tairi inalika, unga wake unabaki barabarani, mvua ikinyesha unasombwa mpaka mtaroni na kutoka hapo ni mtoni au baharini, mara nyingi bila kupita kwenye mtambo wowote wa kusafisha majitaka.

Ndo maana nashangaa mtu akisema tatizo limeisha kwa sababu vile vishanga vya plastiki kwenye skrabu za uso vimepigwa marufuku. Marekani walipitisha sheria 2015, Uingereza wakafuata 2018, na walifanya vizuri, lakini shirika la uhifadhi la IUCN kwenye makadirio yake ya 2017 liliweka vipodozi karibu asilimia 2 tu ya plastiki inayoingia baharini ikiwa tayari ndogo. Ufuaji wa nguo asilimia 35, tairi asilimia 28.

Dhana: mitambo ya kusafisha majitaka inaondoa yote. (Na wapo wanaosema haiondoi chochote, nao wamekosea.)

Mtambo mzuri unakamata nyingi sana. Kuna mmoja kwenye mto Clyde, Glasgow, unaohudumia watu kama 650,000, watafiti waliupima wakakuta unaondoa zaidi ya asilimia 98. Ukisikia hivyo unapumua. Ila maji yanayopita pale ni mengi mno, kwa hiyo ile kidogo inayoponyoka walikadiria ni vipande milioni 65 kwa siku, mtambo mmoja huo. Na hizo zilizokamatwa je, zimeenda wapi? Hapa ndo watu hawaulizi. Hakuna kilichoziyeyusha, zinaelea na mafuta yanayokombwa juu au zinatuama chini na tope, na lile tope sehemu nyingi duniani linakaushwa linamwagwa mashambani kama mbolea. Yaani plastiki tuliyoitoa kwenye maji tunaipanda shambani, kisha upepo na mvua vinairudisha mtoni. Bado hujaweka miji ambayo maji ya mvua na majitaka yanatumia bomba moja, mvua kubwa ikipiga mtambo unazidiwa na maji yanaachiwa hivyo hivyo bila kusafishwa, wala maeneo ambayo mtambo haupo kabisa.

Dhana: plastiki inaelea, kwa hiyo iko juu ya maji, tutaikomba. Hapana. Poliesta, nailoni na PVC (plastiki ya mabomba) ni nzito kuliko maji ya bahari, zinazama zenyewe, na hata zile nyepesi zikishashikwa na bakteria na mwani zinaongezeka uzito zinashuka. Ukitaka kuzipata pwani chimba tope la mikokoni na kwenye nyasi bahari, pale maji yanapopunguza kasi ndo zinapotua. Na kome na chaza wanaochuja maji hayo hayo ili wale, sisi tunawala wazima na matumbo yao, tofauti na samaki mkubwa ambaye unamtoa utumbo kwanza.

Dhana: nunua plastiki "inayooza". Nyingi ya hizo zinahitaji joto la karibu nyuzi 60 za Selsiasi kwenye mtambo maalumu wa mboji, baharini hakuna joto hilo. Napper na Thompson haohao 2019 walionyesha mfuko ulioandikwa kwamba unaoza ukikaa miaka 3 ardhini au baharini na bado unabeba bidhaa za dukani.

La mwisho ni chujio la mashine ya kufulia, kwamba ukishalifunga basi umemaliza. Chujio linasaidia kweli, Ufaransa 2020 walitunga sheria ya kutaka mashine mpya ziwe na chujio au njia nyingine ya kuzuia nyuzi. Lakini wengi likijaa wanaliosha kwenye sinki, na sinki linamwaga kwenye bomba lile lile la majitaka. Ule utando wa nyuzi kama pamba chafu ubandue kwa mkono ukiwa mkavu, uutie kwenye takataka, usiupitishe kwenye maji kabisa. Na kama mashine yako haina chujio, jaza mzigo vizuri, tumia maji baridi na mzunguko mfupi, na nguo ambayo haijachafuka usiifue.