Mbao ya mwili wa gitaa la umeme: yanayodhaniwa na yaliyo kweli

Dhana iliyoenea kuliko zote ni kwamba gitaa la umeme halilii vizuri mpaka mwili wake uchongwe kwa mbao adimu na ya bei kubwa. Anayeamini hivyo huwa analifikiria gitaa la kawaida, ambalo sauti yake hukuzwa na sanduku lake. Katika gitaa la umeme, uzi wa chuma hutetemeka juu ya sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba, na mtetemo huo ndio unaozalisha umeme unaopelekwa kwenye amplifaya. Karibu na mwaka 1940, mpiga gitaa Les Paul wa Marekani alijiundia gitaa kwa kipande cha boriti ya msonobari, kisha akakibandika pembeni nusu mbili za gitaa la kawaida, ili tu lipate sura ya gitaa. Mafundi wangali wanabishana kuhusu mchango wa mbao katika sauti, lakini ubao mbichi huharibu kazi kuliko ubao wa bei nafuu.

Wengine hudhani kwamba mbao iliyokaa muda mrefu tangu ipasuliwe lazima imekauka. Ubao wenye unene wa milimita 45 hivi, ambao ni wa kawaida kwa kazi hii, unaweza kuwa mkavu juu na bado una unyevu ndani. Upime kwenye mizani kila wiki na kuandika uzito. Ukiacha kupungua, umeshazoea hewa ya mahali ulipo. Ukichongwa kabla ya hapo utapinda, na tundu la kuchomekea shingo ya gitaa, ambalo lilibana barabara siku ya kwanza, litaachia. Kipimo changu ni hiki: shingo ikichomekwa bila skrubu, kisha gitaa zima likainuliwa kwa kushika shingo, mwili usidondoke.

Mwili wa vipande viwili au vitatu nao hudharauliwa bila sababu. Kingo zikirandwa hadi mwanga usipenye katikati yake, zikapakwa gundi ya mbao na kubanwa usiku kucha, kiungo kikilazimishwa kuvunjika, mara nyingi mbao ndiyo hupasuka, kandokando ya gundi. Hata hivyo, kubana kupita kiasi hukamua gundi yote nje.

Uzito mkubwa si dalili ya ubora. Bega litakueleza baada ya saa moja.

Na msasa laini peke yake hautoshi. Kabla ya msasa wa mwisho, pitisha kitambaa chenye unyevu juu ya mbao, uiache ikauke, kisha ukate kwa msasa vinyweleo vya mbao vilivyosimama, maana visipoondolewa sasa vitasimama ndani ya vanishi.