Huyo Mwenye Miale Kichwani Si Yesu

Kila anayeniletea sarafu ya shaba ya Konstantino, mfalme wa Roma wa karne ya nne, huanza na neno lile lile: "Hii ina Yesu, tazama mwanga wa kichwani." Limenichosha, kwa sababu jibu limeandikwa kwenye sarafu yenyewe.

Igeuze upande wa pili, uishike karibu na dirisha, mwanga uipige ubavuni. Utamwona kijana aliye uchi, joho limening'inia begani, mkono wa kulia kauinua, wa kushoto umeshika tufe. Kichwani ana taji la miale. Sasa fuata maandishi ya ukingoni: SOLI INVICTO COMITI, yaani "kwa Jua Lisiloshindwa, mwenzi" wa mfalme. Huyo ni Sol, mungu jua wa Warumi.

Hapo ndipo watu hunijia juu: si Konstantino aliona msalaba mwaka 312, kabla ya vita vya daraja la Milvio? Simulizi hiyo ipo, sibishani nayo. Lakini wagonga sarafu hawakubadili michoro kwa usiku mmoja. Sol aliendelea kuonekana kwenye shaba mpaka karibu 318, na kwenye dhahabu akadumu miaka kadhaa zaidi. Mfalme mwenyewe alibatizwa 337, akiwa mahututi. Ukitaka alama ya Kikristo iliyo wazi, tafuta ile adimu ya Konstantinopoli ya mwaka 327 hivi: bendera ya jeshi, juu yake herufi za Kigiriki X na P zilizopandana, yaani mbili za kwanza za jina Kristo, mti wa bendera ukimchoma nyoka. Au ya Magnentius, aliyejitwalia ufalme wa Roma baadaye, ya 353, ambayo herufi hizo zimejaa upande mzima, alfa huku, omega kule. Ukishaiona hiyo kwa macho yako, hutamwita Sol Yesu tena.

Vijialama vya msalaba au nyota pembeni mwa picha? Mara nyingi ni alama za karakana iliyogonga sarafu, basi.

Na ile fimbo iliyopinda kwenye sarafu ndogo za Pontio Pilato, za mwaka 30 na 31, si ya mchungaji wa kondoo. Ni ya kuhani wa Kirumi aliyebashiri kwa kutazama ndege.

Pia ukongwe si bei. Shaba ilikuwa pesa ya sokoni, na za Sol zimebaki nyingi mno.

Ninachokuomba kwa dhati ni kimoja: usiisugue. Limau, siki na brashi ya waya huondoa ganda la kijani au la kahawia, na mara nyingi michoro imo ndani ya ganda hilo. Loweka kwenye maji yaliyokenekwa, ubadilishe kila siku, kisha pitisha mswaki laini. Ukiona unga wa kijani hafifu unaopukutika, hiyo ni kutu inayokula shaba: itenge na nyingine, uiweke pakavu kabisa, kisha uniletee kabla herufi hazijaliwa.