Herufi za mwisho si za mgunduzi

Upo ujumbe unaozunguka kwenye makundi ya WhatsApp: eti herufi zinazofuata jina la kisayansi ni za aliyegundua mmea, na "Müll.Arg." ya mti wa mpira, Hevea brasiliensis, ni mtaalamu wa mimea kutoka Argentina. Si kweli. Herufi hizo humtaja aliyechapisha jina, si zaidi. "Müll." ni Müller, mtaalamu wa mimea kutoka Uswisi aliyechapisha jina hilo; "Arg." ni Aargau, jimbo la Uswisi, iliyoongezwa kumtofautisha na akina Müller wengine (nao ni wengi). Wenyeji wa Amazon walikuwa wakigema utomvu huo kabla yake.

Kinachochanganya ni kwamba pengine mkusanyaji na mtoa jina huwa mtu mmoja. Kujua nani aliingia msituni, soma lebo ya sampuli iliyokaushwa. Picha nyingi zipo mtandaoni bure. Hapo utakuta mkusanyaji, namba yake, tarehe, mahali. Kisha tazama mabano kwenye jina: waliomo ndani walitangulia kulichapisha, wa nje kwa kawaida akauhamishia mmea kwenye jenasi nyingine (kundi la spishi zinazohusiana; ndilo neno la kwanza la jina).

Ujumbe huo ukikufikia, tafadhali usiusambaze. Mtumie aliyeuleta picha ya lebo.