Cedar ipi?

Kila nikiona tangazo la "mbao za cedar kutoka Marekani", huwa nauliza: cedar (mwerezi) ipi? Kwa sisi tunaosomea miti, jina hilo peke yake halitambulishi mti wowote.

Mwerezi halisi, ule wa Lebanoni unaosomwa katika Biblia, ni wa jenasi (kundi la spishi jamaa) ya Cedrus, familia moja na misonobari. Sindano zake hukaa kwa vishada, na koni zake husimama wima na kupukutikia juu ya tawi. Amerika Kaskazini hauoti kiasili. Walowezi wa Kiingereza walikuta huko miti mingine yenye mbao za kunukia, zisizooza upesi, wakaiita cedar. Waliamua kwa pua, na jina likaganda.

Ndiyo maana kuna "red cedar" mbili. Ya mashariki ni Juniperus virginiana, yenye vitunda vya buluu vinavyosambazwa na ndege. Ya magharibi ni Thuja plicata, jitu la British Columbia huko Kanada na jimbo la Washington, ambalo Wahaida, wenyeji wa pwani hiyo, walilichongea mitumbwi na kusuka nguo kwa magome yake. Zote ni za familia ya saipresi, lakini jenasi tofauti.

Anayedhani huu ni ubishi wa wasomi tu aulize wakulima wa tufaha wa Virginia. Kuna kuvu wa kutu anayehitaji miti miwili ili kukamilisha maisha yake: mtufaha na Juniperus virginiana. Mwaka 1914 jimbo hilo lilitunga sheria ya kukata "red cedar" zilizo karibu na mashamba ya matufaha. Wenye miti walishtaki, na mwaka 1928 Mahakama Kuu ya Marekani ikaamua kwamba jimbo lilikuwa na haki. Thuja ya magharibi, pamoja na kuitwa jina lilelile, haimo kabisa katika mzunguko wa kuvu huyo.

Hata hospitalini jina hili linapoteza watu. "Homa ya cedar" ya Texas ni mzio wa chavua ya Juniperus ashei, inayopeperuka majira ya baridi. Pumu ya cedar inayowapata wafanyakazi wa viwanda vya mbao, hiyo husababishwa na vumbi la Thuja plicata. Ukienda Mexico, cedro ni Cedrela odorata, mti wa majani mapana ulio jamaa wa mkangazi. Hauna hata koni.

Binafsi siamini lebo ya mbao isiyo na jina la kisayansi.

Hata penseli zina kisa hikihiki: Juniperus virginiana ndio uliokuwa mti wa kutengenezea penseli. Ulipoadimika, watengenezaji waligeukia Calocedrus decurrens wa California, na pia mtarakwa wa Kenya, Juniperus procera, uleule wa nguzo za uzio. Kwa ukoo, mtarakwa uko karibu zaidi na "red cedar" ya Virginia kuliko "red cedar" mbili za Marekani zilivyo karibu zenyewe kwa zenyewe.